Uyoga unaotoa maziwa ya karoti: mzazi autambue vipi kabla ya kuuingiza jikoni

Mwishoni mwa Agosti 2021, familia moja iliyokuwa imewasili siku chache tu kutoka Afghanistan ilipika supu ya uyoga katika kituo cha wakimbizi karibu na Warsaw, mji mkuu wa Poland. Uyoga huo ulichumwa katika msitu wa jirani. Baada ya muda mfupi watoto wa familia hiyo walikuwa wamelazwa hospitalini. Binti wa miaka 17 alipona. Mdogo wake wa miaka 5 alifariki dunia. Mwingine wa miaka 6 alipandikizwa ini, lakini naye hakunusurika.

Kilichowaua ni uyoga ambao Ulaya unajulikana kama uyoga wa kifo. Hauna harufu ya kutisha wala ladha mbaya. Walioula wakapona wamewahi kueleza kuwa ulikuwa mtamu.

Katika nchi hiyohiyo, na katika msimu huohuo, familia nyingi za Kipoland huamka asubuhi na mapema, huchukua vikapu na visu vidogo, na kuingia msituni na watoto wao. Miongoni mwa wanavyovitafuta chini ya misonobari ni uyoga wa rangi ya chungwa wanaouita rydz. Hukaangwa kwa siagi na chumvi kidogo, na huliwa ungali wa moto.

Uyoga mmoja unaua mtoto, mwingine ni kitoweo cha Jumapili. Kuna njia ya kuutambua ule wa pili: ukivunjwa, unatoa maziwa ya rangi ya karoti. Alama hiyo inafaa kujulikana na kila mzazi wa Kiswahili anayelea watoto Finland, Sweden, Ujerumani au Poland. Inamhusu pia mzazi wa Iringa, Njombe au Mbeya ambaye hajawahi kupanda ndege, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Anza kwa kutazama juu

Mtu asiyezoea hutafuta uyoga kwa kuinamisha kichwa. Mzoefu huanza kwa kuinua macho atazame miti.

Sababu ni kwamba uyoga huu hauoti popote. Ile kofia inayoonekana juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya kiumbe kizima. Chini ya udongo kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizojizungushia kwenye ncha za mizizi ya mti. Nyuzi hizo huupa mti maji na madini, nao mti huzilipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Ni ushirika wa kudumu, na kila aina ya uyoga ina miti yake.

Uyoga unaotoa maziwa ya karoti hushirikiana na miti ya majani kama sindano, yaani misonobari, ile inayotoa mbao za paini, na jamaa zake. Kuna aina inayoota chini ya msonobari wenyewe. Kuna nyingine inayofanana nayo sana ambayo huota chini ya mti ule ambao Wazungu huupamba sebuleni wakati wa Krismasi. Nchini Finland na Sweden aina zote mbili hupatikana kuanzia mwishoni mwa kiangazi, Agosti, hadi baridi inapoanza kugandisha ardhi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: juu ya kichwa changu kuna mti gani? Kama hakuna hata msonobari mmoja karibu, basi kilichoonekana si uyoga huo, hata kama rangi inavutia.

Kofia, shina na ule mkwaruzo wa kijani

Swali la pili ni umbo. Kofia ya uyoga huu ina rangi ya chungwa, na juu yake mna duara ndani ya duara, za rangi iliyokolea na iliyofifia, mithili ya pete za shina la mti uliokatwa. Ukiwa mchanga, kingo zake huinama kwa ndani. Ukikua, katikati hubonyea hadi kofia ikafanana na bakuli.

Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Kurasa hizo nazo ni za rangi ya chungwa, wala si nyeupe.

Shina lake ni fupi, na likikatwa mara nyingi huwa na uwazi katikati. Ule unaoota chini ya msonobari aghalabu una vibonyeo vidogo kwenye shina, vyenye rangi iliyokolea zaidi, kana kwamba mtu amelidonoa kwa kidole chenye rangi. Shina halina pete wala sketi inayoning'inia. Kule chini, linapoingia ardhini, halina mfuko wala kikombe.

Alama nyingine ni mkwaruzo. Mahali uyoga ulipoguswa, ulipominywa au ulipozeeka hugeuka kijani. Mtu asiyejua hudhani umeoza, akautupa. Kwa uyoga huu, ukijani ni jambo la kawaida.

Maziwa ndiyo kitambulisho

Swali la tatu ndilo linalomaliza mjadala. Uyoga huvunjwa, au kurasa za chini ya kofia hukwaruzwa kwa ncha ya kisu, kisha mtu hutulia na kutazama.

Nyama yake haichaniki kwa nyuzi kama nyama ya kuku. Hukatika ghafla, kama chaki. Hapohapo kwenye jeraha hujitokeza matone ya maziwa yenye rangi ya karoti. Ule wa chini ya mti wa Krismasi huwa na maziwa ambayo baada ya dakika kadhaa hubadilika kuwa mekundu ya kukoza, kama juisi ya rosela. Misitu ya kaskazini mwa Ulaya ina aina nyingi za uyoga unaotoa maziwa, lakini ile yenye maziwa ya rangi ya karoti ni ya kundi moja dogo, na kundi hilo linalika.

Uyoga wa kifo hautoi maziwa kabisa. Kofia yake huwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, kurasa zake ni nyeupe, shina lina sketi, na chini kabisa, mara nyingi ukiwa umefichwa na majani makavu, kuna mfuko kama ganda la yai lililopasuka. Ndugu yake mweupe pepe, mwenye sumu ya aina hiyohiyo, huota katika misitu ya misonobari ya Finland na Sweden.

Ndiyo maana wazoefu huwakataza watoto kuukata uyoga wasioujua katikati ya shina. Ukikatwa juu, ule mfuko hubaki ardhini, na pamoja nao hubaki alama ambayo ingeokoa maisha.

Lakini si kila maziwa ni salama

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishasikia kwamba maziwa ni alama nzuri, huchuma kila uyoga unaotoa maziwa.

Kuna uyoga wa waridi, wenye duara kama za ule wa chungwa na kingo zilizojaa manyoya. Huota chini ya mti wa gome jeupe uitwao mbetula, ambao huchanganyika na misonobari katika misitu mingi ya kaskazini. Maziwa yake ni meupe, na ni makali kama pilipili. Ukiliwa bila kuandaliwa, huleta kutapika, kuhara na maumivu makali ya tumbo. Wafini huula, lakini baada ya kuuchemsha katika maji mengi na kuyamwaga yale maji, ujuzi waliorithi kwa wazee wao. Mgeni asijaribu kwa kusikia tu.

Kuna mwingine wa rangi ya kahawia iliyopauka, unaopenda ardhi ya majimaji katika misitu hiyohiyo. Maziwa yake hayana rangi, ni kama maji, na ukikauka hunukia viungo vya mchuzi. Huu ni wa sumu. Mwaka 1949, katika eneo la Leipzig nchini Ujerumani, ulisababisha zaidi ya watu 400 kuugua.

Kanuni ya mzazi basi ni fupi. Maziwa meupe, acha. Maziwa kama maji, acha. Hakuna maziwa, acha. Wakati wa ukame, au uyoga ukiwa mzee, hata ule mzuri huweza kukauka usitoe tone. Nao pia uachwe. Mtu asiyeona kitambulisho hana sababu ya kufungua mlango.

Mwandishi aliyepewa figo na binti yake

Wapo wanaodhani ajali hizi huwapata wageni tu. Nicholas Evans, mwandishi Mwingereza aliyepata umaarufu duniani kwa riwaya yake *The Horse Whisperer*, hakuwa mgeni Uingereza. Mwaka 2008 alikuwa Scotland kwa shemeji yake. Alichuma uyoga, ukapikwa, na watu wazima wanne wakaula.

Uyoga huo ulikuwa wa aina ya kahawia inayoelekea chungwa, inayoota katika misitu ya misonobari. Hauna maziwa hata tone. Sumu yake hushambulia figo, na hatari yake kubwa ni ukimya: dalili za figo kushindwa zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hata wiki mbili au zaidi, wakati mgonjwa ameshasahau alichokula.

Evans, mkewe na shemeji yake walipoteza uwezo wa figo zao na kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mwaka 2011 Evans alipandikizwa figo iliyotolewa na binti yake. Alifariki mwaka 2022.

Kwa mzazi, simulizi hiyo ina uzito wa pekee. Kosa la dakika chache katika jiko la mtu mzima lililipiwa na mwili wa mtoto wake. Evans alieleza baadaye kuwa hakuuchunguza uyoga ule jinsi ilivyopasa. Kosa la namna hiyo hutokea kirahisi nyumbani: baba hudhani mama amehakikisha, mama hudhani baba anajua, na sufuria inaendelea kuchemka.

Ujuzi wa nyumbani usiovuka mpaka

Mwaka 2015, Ujerumani ilipopokea wakimbizi wengi kutoka Syria, hospitali kadhaa zilianza kupokea wagonjwa waliokula uyoga wa kifo. Kijana wa Kisyria mwenye umri wa miaka 16 alifariki. Madaktari wa Hannover walilazimika kutoa mabango ya onyo kwa lugha mbalimbali, Kiarabu ikiwemo. Walieleza kuwa uyoga ule unafanana na aina inayoliwa katika nchi za ukanda wa Mediterania.

Waathirika hao hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na ujuzi, ila ulikuwa ujuzi wa msitu mwingine.

Jambo hilo linawagusa Watanzania moja kwa moja, kwa sababu Tanzania ni nchi ya wala uyoga. Msimu wa mvua, katika misitu ya miombo ya nyanda za juu kusini na magharibi, akina mama na watoto huchuma aina nyingi, nyingine wakauza kando ya barabara. Miongoni mwake zimo aina zinazotoa maziwa meupe, na huliwa tangu enzi za mababu. Wataalamu wawili wa Finland, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2003 kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, na sehemu kubwa ya walichoandika walikipata kwa wanavijiji wenyewe.

Mama aliyekulia katika ujuzi huo akihamia Helsinki, akamkuta msituni uyoga wenye maziwa meupe, moyo wake utamwambia: huu naujua. Haujui. Miti ni mingine, uyoga ni mwingine, na maziwa yaleyale meupe yaliyokuwa salama kwao yatamlaza mwanawe hospitalini.

Msitu wa wageni uliopo nyumbani

Hata yule ambaye hajasafiri, msitu wa kigeni huweza kumfuata alipo. Misonobari iliyopandwa Sao Hill, Kiwira na katika mashamba ya miti ya Kenya si miti ya asili ya Afrika Mashariki. Ililetwa, na kwa kuwa haistawi vizuri bila washirika wake wa ardhini, uyoga wake nao ulikuja. Ndiyo maana chini ya misonobari hiyo huota uyoga ambao bibi na babu hawakuwahi kuupa jina.

Afrika Kusini ni mfano ulio wazi. Huko, chini ya misonobari ya kupandwa, leo unachumwa uyoga uleule wenye maziwa ya karoti unaopendwa Poland. Na chini ya mialoni iliyotoka Ulaya, uyoga wa kifo nao umeota. Wote wawili walisafiri na miti.

Kwa mtoto wa Mufindi anayepita shambani akitoka shule, funzo ni moja: uyoga wa chini ya msonobari usihukumiwe kwa ujuzi wa miombo.

Imani zinazoua

Zipo imani zinazosikika Ulaya na Afrika kwa pamoja. Moja inasema uyoga ulioliwa na wadudu au konokono ni salama kwa binadamu. Si kweli. Konokono huula uyoga wa kifo na kuendelea na safari yake, kwa kuwa mwili wake si kama wetu.

Nyingine inasema sumu huisha kwa kuchemsha au kukausha. Sumu ya uyoga wa kifo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa wala kugandishwa. Wapo pia wanaoamini kuwa kijiko cha fedha au kitunguu kikibadilika rangi ndani ya sufuria ndipo kuna sumu. Hakuna kipimo cha jikoni cha namna hiyo.

Imani mpya zaidi iko mkononi mwa kila mzazi: programu za simu zinazodai kutambua uyoga kwa picha. Picha haioni mfuko uliozikwa ardhini, haivunji shina, wala haioni maziwa yanapobadilika rangi. Programu hizo hukosea, na kosa lake haliwezi kufutwa kwa kidole.

Nchini Poland, mchumaji anaweza kupeleka kikapu chake kwenye ofisi ya afya ya eneo lake, akakaguliwa bila malipo na mtaalamu wa uyoga. Ujerumani nayo ina washauri waliofuzu kwa kazi hiyo. Kuuliza si ujinga.

Mtoto apewe?

Hata uyoga uliotambuliwa vizuri una masharti. Uyoga wa porini ni mgumu kumeng'enywa, na tumbo la mtoto mdogo huulemea upesi. Mwili wake mdogo pia humaanisha kuwa kiasi kidogo cha sumu humdhuru kuliko mtu mzima. Madaktari wa Poland, nchi inayopenda uyoga kwelikweli, huwaonya wazazi wasiwalishe watoto wadogo uyoga wa porini.

Kwa wakubwa, uyoga huu ubebwe kwenye kikapu, si mfuko wa plastiki unaouchemsha kabla haujafika nyumbani. Usafishwe, ukatwe kuangalia mabuu, ambayo huupenda sana, kisha upikwe uive siku ileile. Anayeula kwa mara ya kwanza aanze na kidogo. Na asishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa au nyekundu baada ya kuula: ni rangi ya maziwa yale inayotoka mwilini, na haina madhara.

Saa zinazodanganya

Dalili za sumu ya uyoga wa kifo kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula: kutapika, kuhara sana, na tumbo kukata. Kisha hutokea jambo linalowaponza wazazi wengi. Mtoto hupata nafuu. Huomba maji, hukaa kitandani, pengine hucheka. Familia humshukuru Mungu na kughairi kwenda hospitali. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku moja au mbili baadaye mtoto huanguka tena, safari hii macho yakiwa ya manjano.

Kwa hiyo aliyekula uyoga wa shaka apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajatapika, hata kama amepata nafuu. Wote waliokula sufuria ile waende pamoja. Mabaki ya chakula, maganda, hata matapishi yawekwe kwenye chombo yabebwe. Saa ya kula iandikwe, kwa kuwa daktari atauliza. Maziwa ya ng'ombe, mafuta ya kula na dawa za mitishamba haviiondoi sumu hiyo, bali hupoteza muda ambao ini halina.

Wapoland wana methali ya zamani: heri rydz kuliko kukosa kabisa. Husemwa mtu anapopata kidogo badala ya kikubwa alichokitaka. Msituni, kwa mzazi aliyeshika mkono wa mtoto na asiyeona tone la rangi ya karoti kwenye uyoga aliouvunja, ni heri aigeuze. Heri kikapu kirudi kitupu, na usiku huo watoto wale ugali na mchicha.